Sikio Lililokula Samli

Akina mama wenzangu mnaoteremsha vijana wenu kwenda kufanya kazi mashineni huko Moshi mjini, najua mnawafungia ndizi, mnawakumbusha kusali, mnawaonya juu ya pombe na wasichana wa watu. Vizuri. Lakini nani kati yenu amewahi kumwonya mtoto wake juu ya pamba? Mimi sikuwaza. Nilijua pamba ni kitu cha kujazia mto.

Mwanangu Yoramu alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia kwisha. Alipanga chumba mtaa wa Majengo, na kila Jumamosi alipanda basi akarudi kwetu Mamba, huko mlimani, ale, alale, na Jumapili asubuhi apige tarumbeta kanisani. Tarumbeta hiyo kwetu si mchezo. Baba yake, marehemu Aminieli, aliipuliza mpaka mwaka aliofariki. Na kila Pasaka, alfajiri, kundi la tarumbeta huenda makaburini kuwapigia waliolala. Kaburi la Aminieli liko pale kwenye uzio wa majani ya masale, na tangu alipolala pale, mwanawe ndiye anayempigia. Mimi mwaka mzima naisubiri asubuhi hiyo. Wengine husubiri Krismasi kwa ajili ya nyama.

Basi, baada ya Krismasi, wakati kahawa imejaa kiwandani na mashine hazipumziki, nikaanza kuona mambo.

La kwanza, sauti. Yoramu alikuwa mtoto mpole, ukitaka aseme ni lazima umchokoze. Sasa akimwomba dada yake Elizabeth chumvi, ng'ombe anainuka zizini.

"Unagombana na nani?" nikamwuliza.

Akatabasamu, akaendelea kula. Elizabeth akacheka mpaka mtori ukampalia. "Mwache, mama. Kaka amekuwa bwana mkubwa. Watu wa mjini hawaongei, wanatoa matangazo."

La pili, samli. Mimi samli yangu huiweka kwenye kibuyu, naning'iniza juu ya nguzo ya jikoni. Nikaona inapungua. Si kupungua kwa mtu anayekula, maana anayekula huacha alama mdomoni. Inapungua kimyakimya. Nikampiga paka. Wiki iliyofuata ikapungua tena na paka alikuwa amehamia kwa jirani kwa hasira. Nikamgeukia Elizabeth.

"Mimi?" akasema. "Mama, hebu niangalie ngozi yangu ilivyopauka, halafu useme nakula samli."

Nikamwangalia. Kweli alikuwa amepauka. Basi kibuyu nikakihamishia nguzo nyingine.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Mwalimu Ebenezeri, yule anayeliongoza kundi la tarumbeta, alinisubiri mlangoni baada ya ibada. Ni mtu mfupi, ana mashavu kama anayeficha ndizi mbili, na hasemi neno bila kulizungusha kwanza.

"Mama Yoramu, mwanao ana pumzi."

"Aika, asante, Mwalimu."

"Ana pumzi nyingi. Leo sisi tumesema amina, yeye bado anapuliza."

"Alikuwa na furaha."

"Na Jumapili iliyopita alianza kabla yetu. Hiyo nayo ni furaha?" Akakohoa. "Mama, simchukii kijana. Lakini tarumbeta ni ya kanisa. Pasaka, pale makaburini, wakristo wote wamenyamaza, kosa la mmoja linasikika mpaka barazani kwa Mangi. Asipojirekebisha, nitampa Yakobo tarumbeta ile."

Yakobo! Kijana wa watu ni mzuri, simsemi. Lakini Yakobo ampigie Aminieli wangu, na mwanawe amesimama pembeni kashika kofia? Siku ile nilirudi nyumbani nikapika kiburu cha ndizi na maharage kikaungua.

Nikamkalisha Yoramu. "Mwanangu, una nini? Umeanza pombe?" Akasema hapana. "Umependa mtu?" Akasema hapana, lakini kwa sauti ambayo jirani aliisikia akaitikia. Nikamwuliza kuhusu Ebenezeri. Akasema Mwalimu amezeeka, hashiki tena mwendo. Mimi nikaamini. Mama akimwamini mtoto ana raha ya nusu saa.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoijua kweli.

Ilikuwa Jumapili, tumekwisha kula, jua limetulia juu ya migomba. Yoramu alijilaza kwenye benchi pale nje akasinzia. Mimi niliingia jikoni, nikakuta sisimizi wamejipanga kwenye nguzo yangu ya samli, ile mpya ambayo nilidhani ni siri. Wanakwenda na wengine wanarudi, kwa adabu, kama watu wa ukoo wanaotoka msibani. Nikasema, leo namkamata mwizi. Hawa wanajua samli yangu inakoishia.

Nikawafuata. Walishuka nguzoni, wakapita kizingiti, wakakata uani, wakapanda mguu wa benchi. Nami nimeinama nyuma yao kama bibi anayetafuta sindano. Wakapita begani kwa mwanangu, wakapanda shingoni. Na hapo, jamani, wakawa wanaingia sikioni, mmojammoja, bila hata kubisha hodi.

Nilipiga ukelele. Elizabeth akaja mbio na mwiko. Jirani akaja. Paka mwenyewe akachungulia. Yoramu? Yoramu hakufumbua jicho.

Ndipo nilipojua. Mtu anayelala mamaye akipiga kelele ile hajachoka. Hasikii.

Nikamtikisa akaamka. Nikamshika sikio nikavuta kilichokuwa ndani, ikatoka pamba. Mlikwisha kuona pamba iliyolowa samli ikakaa wiki nzima kwenye joto la Moshi? Ilikuwa ya rangi ya chai. Nyuma yake ukafuata usaha. Na harufu, nisiwaambie, maana pengine mnasoma kabla ya kula. Sikio la pili lilikuwa na pamba vilevile, ila lilikuwa jekundu tu, halijaanza kutoa kitu.

"Yoramu! Nani amekutia hivi?"

"Usipige kelele, mama," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alisema polepole. "Ni mimi."

Akatueleza. Kule kiwandani mashine ya kukoboa inaunguruma mpaka meno yanacheza. Nyapara wao, Bwana Yunusu wa Majengo, kila asubuhi humpa kila mtu pamba safi, kavu, na jioni huikusanya yote akaichoma. Yoramu pamba kavu ilimwasha. Makapi ya kahawa ni vumbi, yanaingia popote. Akajikuna na njiti ya kibiriti. Sikio likaanza kutoa maji.

"Sasa si ungemwambia nyapara?" akauliza Elizabeth.

Yoramu akaangalia chini. "Mwenye sikio linalotoa maji harudi mashineni mpaka lipone. Anapelekwa mezani."

"Meza gani?"

"Ya kuchambua kahawa." Akashusha sauti. "Na wanawake."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, kwa sababu namjua nilivyomzaa. Kijana wa Kichagga anayeendesha mashine, anayeitwa fundi huko Majengo, akae kwenye meza ndefu katikati ya kina mama wa mjini, achague punje mbovu kwa vidole, wamwite dada! Afadhali aoze. Na kweli alikuwa anaoza. Ile pamba kavu ya nyapara alikuwa anaitia mfukoni asubuhi na kuirudisha jioni ikiwa safi kama ilivyotoka. Masikioni alitia yake mwenyewe, iliyopakwa samli yangu, kwa sababu samli haiwashi, na tena inaziba. Kila kinachotaka kutoka kinabaki ndani. Jumatatu asubuhi, nyapara anapokagua masikio getini, Yoramu anaichomoa, anajifuta, anajipaka samli kidogo, sikio linang'aa kama kiatu cha karani. Akipita geti, anairudisha. Na nyumbani haitoi, maana akiitoa mama ataona.

"Kwa hiyo umenifanya nimpige paka wangu bure," nikasema.

"Na mimi ulinisingizia," akasema Elizabeth.

"Wewe nilikuuliza tu. Yoramu, kesho nateremka nawe."

Akashtuka kuliko alivyoshtukia sisimizi. "Mama! Getini? Mbele ya watu?"

"Utasema mwenyewe kwa nyapara, au nitasema mimi. Chagua."

Jirani alishauri tutie maji ya mgomba ya uvuguvugu, na mwingine akaja na dawa ambayo siitaji, ya ndama. Nikawashukuru nikafunga mlango. Sikio hilo lilikuwa limekula vya kutosha.

Asubuhi tulipanda basi la kwanza, mimi na gauni langu la kanisani na mkungu wa ndizi, maana huwezi kwenda kwa mkubwa wa mtu mikono mitupu. Njia nzima Yoramu alitazama dirishani. Nilimwomba Mungu aseme mwenyewe.

Getini tulikuta wanaume wamejipanga mstari. Bwana Yunusu alikuwa mtu mrefu, kofia ya kufuma, ndevu zimeingia mvi. Alikuwa anashika masikio ya watu kama mnunuzi anayeshika mapapai sokoni.

"Hili limeiva, pita. Hili wewe umelala nalo kwenye majivu? Kanawe. Hili pita."

Akafika kwa Yoramu. Mimi nimesimama nyuma ya mkungu wangu. Yoramu akafungua mdomo, nikasema moyoni, sema mwanangu. Akaufunga.

Yunusu akamgeuza kichwa, samli bado inang'aa. "Mashaallah. Mchagga huyu anajipaka mafuta mpaka masikioni. Pita."

Na Yoramu akapita! Akanyanyua mguu kabisa, akapita. Basi na mimi nikapita mbele.

"Bwana nyapara, habari za asubuhi."

"Nzuri, mama. Ndizi tunanunua jioni."

"Siuzi ndizi. Mimi ni mama wa sikio hilo ulilolisifu. Tafadhali lirudishe ulinuse."

Mstari mzima ukageuka. Yunusu akanitazama, akamtazama Yoramu ambaye sasa alikuwa na rangi ya kahawa mbivu, akamwashiria arudi. Akainama akanusa. Akarudi nyuma hatua nzima.

"Lahaula! Hili sikio au chungu cha biriani?"

Wanaume wakaangua kicheko. Yunusu hakucheka. Alimshika Yoramu kidevu, akalitega sikio kwenye mwanga, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza polepole, "Pamba yangu inakuwasha?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini hukuniambia?"

Yoramu akaanza kusugua kifungo cha shati.

"Anaogopa meza," nikasema. "Anaogopa wanawake."

"Mama!"

"Si ndivyo?"

Yunusu akavua kofia yake, akainama kwangu, akanionyesha upande wa kushoto. "Mama, sema chochote hapa. Sema hata tusi." Nikanong'ona jina lake. Hakutikisika. "Hili nililiacha kwenye mashine kule Tanga nilipokuwa kijana. Hakukuwa na pamba, wala geti, wala mtu wa kunishika sikio. Wanangu wakiniita kutoka upande huu, wanadhani nimewanunia. Ndiyo maana watu wananicheka na pamba zangu, nami nawaacha wacheke." Kisha akamgeukia Yoramu kwa ukali. "Na wewe, nimekupa pamba uzuie kelele isiingie. Nani alikuambia uzuie ugonjwa usitoke?"

Akamtuma hospitali ya serikali saa ileile, na mimi nikafuatana naye. Huko dada mmoja aliyevaa nguo nyeupe, Veronika kwa jina, alimwosha masikio kwa bomba na maji ya uvuguvugu, polepole. Vilivyotoka ni makapi, samli, na sisimizi wawili waliokwisha kukata tamaa. Daktari akaangalia na taa yake. Akasema upande wa kulia ni uvimbe tu. Upande wa kushoto, ndani, kuna ngozi nyembamba kama ya ngoma, nayo imetoboka. Sikio likikauka, huenda ikajifunga. Lisipokauka, asahau. Kwa hiyo maji yasiingie, pamba isiingie, njiti isiingie, asikae penye kelele. Na asipulize kitu.

"Tarumbeta?" nikauliza.

"Hata moto wa jikoni asiupulize, mpaka likauke."

Tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi. Pasaka ilikuwa haiko mbali. Yoramu alitazama mikono yake. Akaniambia, "Mama, Yakobo ataweza kuupiga ule wimbo wa baba?" Nilimenya ndizi nikampa nusu.

Basi akaenda mezani. Nilipoteremka wiki iliyofuata kumwona, nikamkuta kwenye ile meza ndefu, katika banda la mbali na mashine, kabanwa kati ya wanawake wawili: upande huu Sikudhani wa Majengo, mwanamke mnene mwenye kanga mbili na maneno mia, na upande ule Ndelilio, msichana wa kwetu Mlimani, mkimya, lakini macho yake yanacheka kwa niaba ya mdomo. Walikuwa wamemfunga Yoramu kilemba cha kanga vumbi lisimwingie, na maandishi ya kanga yalikuwa yamekaa juu ya kipaji cha uso. Sitayaandika. Hayakuwa ya kanisani.

"Karibu, mama mkwe!" akasema Sikudhani. "Shikamoo. Mwali wako tunamlea vizuri. Anachambua vibaya, lakini ana heshima."

"Marahaba. Anakula?"

"Anakula. Ila ana mkono mwizi. Tazama."

Yoramu alikuwa amesahau, kidole kinapanda taratibu kwenda sikioni. Kabla hakijafika, punje ya kahawa ikamgonga kwenye kifundo. Ndelilio ndiye aliyeirusha, na macho yake hayakutoka kwenye kazi.

"Hilo ndilo jeshi letu," akasema Sikudhani. "Bwana Yunusu alisema, huyu asiguse sikio. Basi hagusi. Jana alijifanya anatengeneza kilemba, tukampiga punje kama shomoro."

"Mama, nitoe hapa," akasema Yoramu. Lakini alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ile niliyomzaa nayo, na nikaona kwamba ametusikia bila mimi kumgusa bega. Nikajifanya natafuta leso.

Ebenezeri nilimwendea mwenyewe. Nikamweleza yote, hata sisimizi. Alizungusha maneno kinywani kwa muda, mwisho akasema, "Tarumbeta itabaki kwenye sanduku mpaka Alhamisi Kuu. Daktari akisema ndiyo, aje. Akisema hapana, ni Yakobo. Makaburi hayasubiri."

Wiki hizo nilizipitisha kwa kuuma meno. Kila Jumamosi nilimwinamisha Yoramu mlangoni penye mwanga, nikalitazama lile sikio. Likilowa, nilikosa hamu ya chakula. Likikauka, nilimpa maziwa mgando. Elizabeth akasema nimemgeuza kaka yake mahindi ya kuanika. Na Yoramu mwenyewe sikumwona na njiti ya kibiriti hata mara moja.

Jumatano ile kabla ya Pasaka daktari akaliangalia na taa yake, kulia, kushoto, tena kushoto. Akasema limejifunga. Si kama zamani. Upande huo sauti ndogo zitampita, na hilo haliwezi kurudi. Lakini limejifunga, na apulize, polepole.

Ebenezeri alipomjaribu hakusema pole wala hongera. Alimhamisha tu. Siku zote Yoramu alisimama mwisho wa mstari, upande wa kulia, sikio la kushoto likielekea wenzake. Mwalimu akamtoa huko akampeleka mwisho wa pili, ili sikio zima liwasikie wote. Yakobo akasogea, akampangusia mdomo wa tarumbeta kwa shati lake. Nimesema ni kijana mzuri.

Pasaka alfajiri kulikuwa na ukungu, umande unadondoka kwenye masale. Watu wote kimya. Ebenezeri akainua mkono. Nilifumba macho nikashika mkono wa Elizabeth mpaka akalalamika. Wakaanza, wote pamoja. Nilisikiliza ile moja tu, ya mwanangu, nikawa naifuata kama nilivyowafuata wale sisimizi, neno kwa neno, mpaka juu ya kaburi la Aminieli. Na walipofika mwisho, wakaisha wote pamoja. Hakubaki hata mmoja akipuliza.

Nilifumbua macho nikaona shati la Yoramu limetoka nje ya suruali nyuma. Nikamnong'oneza Elizabeth, "Ona kaka yako, mbele ya baba yake."

Yoramu, bila kugeuka, akalichomeka.

Jumatatu baada ya sikukuu alirudi kiwandani, na mimi nilimfungia mkungu wa Bwana Yunusu na maziwa ya wale wa mezani. Mashineni sasa ana pamba safi ya nyapara, kila asubuhi mpya, ya juujuu tu, na ikimwasha anasema. Anasema sana, mpaka Yunusu ameniletea ujumbe nimwombe apunguze. Wakati mwingine, mashine ikisimama, anasemekana kwenda mezani mwenyewe bila kupelekwa. Sikudhani ndiye anayesema. Nimemwuliza Yoramu anakwenda kufanya nini huko, akajifanya nimeongea upande wa sikio bovu.

Samli nimeihamisha tena, na safari hii hata nyinyi siwaambii iliko. Lakini Jumamosi hii mtoto wako akija, mama mwenzangu, kabla hujamwekea chakula, mwinamishe mlangoni penye mwanga. Atakataa, atasema wewe mama vipi, nimekuwa mtu mzima. Mshike hivyohivyo. Tazama ndani, halafu unuse.